Wenzako Wanalipwa Hadharani, Wewe Soma Viza Yako Kwanza

Karatasi ilikuwa na mistari minne. Koti la baridi, dola 140. Kadi za simu 24 za dola 5, dola 120. Chakula cha mkahawani kwa makadirio, dola 80. Fedha taslimu mara tatu, dola 300. Jumla dola 640. Mama wa ofisi ya kanuni za michezo chuoni, aliyeiandaa, aliigeuza upande wangu, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nilichopewa na mshabiki amesahau. Hakuwa amesahau kitu. Alikumbuka hata kadi ambazo mimi mwenyewe nilishazisahau.

Ilikuwa Februari 2005, chuo kidogo jimbo la Michigan, na mimi kijana wa Magomeni niliyetokea viwanja vya kikapu vya Don Bosco Upanga nilikuwa mwaka wa pili, nikichezea timu ya kikapu ya chuo. Siku hiyo nilivuliwa jezi hadi kesi iishe. Ilipoisha nilikuwa nimekosa mechi sita, na nikatakiwa kutoa dola 640 kwa shirika lolote la hisani nitakalochagua. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, kwa hiyo nilizipata hizo hela kwa kukunja taulo za wachezaji wenzangu chumba cha kufulia, chini ya ukumbi ambao juu yake walikuwa wanacheza bila mimi. Mpira unasikika vizuri sana ukiwa chini ya sakafu.

Naandika haya kwa sababu ya ujumbe ninaoupata kila ikikaribia Agosti, kutoka kwa vijana waliopata ufadhili wa masomo Marekani: "Kaka, si wameruhusu wachezaji wa vyuo kulipwa siku hizi?" Ndiyo mdogo wangu, wameruhusu. Ila hawakukuruhusu wewe. Au tuseme, aliyekuruhusu ni mmoja, na bado kuna wa pili ambaye hata mpira haangalii.

Nianze na jinsi nilivyoingia, maana hakuna anayeingia akijua. Mabweni yalifungwa likizo ya Desemba, likabaki la wachezaji tu, na kantini ikafungwa pia. Mwenye duka la matairi, mzee mcheshi aliyekuwa na kiti chake cha kudumu nyuma ya benchi letu, alinikuta nikitoka mazoezini na sweta juu ya sweta. Kesho yake akaniletea koti. Mshabiki wa namna hii, mwenye hela na mapenzi na timu, Wamarekani humwita busta. Kanuni zilimruhusu kunikaribisha kula nyumbani kwake mara mojamoja. Akinilipia chakula kilekile mkahawani, nimekosa. Ukishangaa hilo, jua kwamba kuna wakati chuo kiliweza kuwapa wachezaji mkate wa duara mkavu kama kitafunio, lakini kikiupaka jibini laini juu unageuka mlo, na mlo huo ni kosa. Sitanii.

Kisha ikaja salamu ya mkono yenye karatasi ndani. Baada ya mechi niliyofunga pointi 19, alinishika mkono, nikabaki na noti ya dola 100 kiganjani. Nani kwetu angeona kosa hapo? Nimekulia kwenye taarabu. Mwimbaji akikukonga roho unasimama, unakwenda mbele huku unacheza, unamtunza, na ukumbi mzima unakushangilia. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwimbaji amepokea shilingi ngapi. Mimi nilijiona nimetunzwa. Ile noti ya kwanza yote nilimtumia mama kwa Western Union, ikalipa ada ya mdogo wangu, na nikalala usingizi mzuri.

Kwa Kiswahili mchezaji asiyelipwa tunamwita wa ridhaa. Neno zuri, ila sikumbuki kuulizwa ridhaa yangu. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilisaini mwaka 2010 mkataba wa televisheni wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14 kwa ajili ya mashindano ya kikapu ya Machi. Mwaka 2014 Shabazz Napier, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Connecticut, akiwa anaelekea kuchukua ubingwa wa nchi nzima, aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku analala na njaa. Ndani ya mwezi uleule kanuni ya chakula ikalegezwa, vyuo vikaruhusiwa kuwalisha wachezaji bila kuhesabu milo. Kwa hiyo sijaja kuwaambia kanuni ya zamani ilikuwa ya haki. Haikuwa. Ila haki yako haikuzuii kuumia.

Na mimi hazikuniumiza hizo dola 640. Kilichoniogopesha ni Januari, yule mzee aliponipigia usiku kuniuliza kama kifundo cha mguu cha mlinzi wetu wa kwanza kimepona na kama atacheza Jumamosi. Nikamjibu, bila kuwaza. Wiki iliyofuata akauliza tena, safari hii kuhusu mwingine. Hapo ndipo akili ilinijia. Vijana wa siku hizi mnaosuka mikeka kwenye simu mtanielewa upesi kuliko mimi nilivyojielewa: habari ya majeruhi kabla haijatangazwa ni mali. Mpaka leo sina ushahidi kwamba alikuwa anacheza kamari. Huenda alikuwa mshabiki tu mwenye wasiwasi. Lakini mtu ambaye koti lake liko mgongoni mwako, unamwambia vipi kwamba swali lake hulijibu? Enzi hizo kubashiri michezo kulikuwa halali Nevada na kwingine kuchache mno. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango kwa majimbo yote Mei 2018, kwa hiyo swali lile leo litakujia kwa WhatsApp, na huenda likatoka kwa mwanafunzi mwenzako wa darasani.

Aliyenitaja hakuwa adui. Alikuwa yule mzee mwenyewe, dukani kwake, akijisifu mbele ya wateja kwamba "yule Mtanzania ni kijana wangu". Hili nimeliona mara nyingi baadaye: mtu wa namna hii hatoi ili asijulikane. Anatoa ili ajulikane, na siku moja lazima aseme. Adhabu yake yeye ilikuwa barua ya kumtaka akae mbali na timu. Matairi aliendelea kuuza.

Yule mama wa ofisi ya kanuni, ambayo wenyewe huiita kompliansi, alinisimulia habari ya jirani zetu wakubwa, Chuo Kikuu cha Michigan, iliyokuwa bado mbichi. Ed Martin, fundi umeme mstaafu wa Ford aliyekuwa akiendesha bahati nasibu haramu viwandani Detroit, alikiri mahakamani mwaka 2002 kosa la kula njama za kutakatisha fedha. Alisema aliwakopesha wachezaji wanne jumla ya dola 616,000, na jina kubwa kati yao lilikuwa Chris Webber. Kesi ilianza kufukuliwa kwa ajali: mwaka 1996 gari walilopanda wachezaji lilipinduka, na watu wakaanza kuuliza kijana wa chuo kalipata wapi gari lile. Chuo kikashusha bendera zake za kufika nusu fainali ya 1992 na 1993. Webber, akiwa tayari nyota wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alikiri kosa la kuidharau mahakama na mwaka 2005 akapigwa faini ya dola 100,000. Kilichompeleka mahakamani si kupokea. Ni kusema uongo kuhusu kupokea. Hapo naomba usimame kidogo. Ukishateleza, umeteleza, nenda kaseme. Mimi nilisema yote siku ya kwanza, na nina hakika ndiyo maana zilikuwa mechi sita badala ya msimu.

Mwaka 2017 ikaja kubwa kuliko hiyo. Septemba, waendesha mashtaka wa New York walitangaza kukamatwa kwa watu kumi, wakiwemo makocha wasaidizi wanne na James Gatto wa Adidas. Mojawapo ya madai ni kwamba dola 100,000 zilipangwa kwa familia ya kijana Brian Bowen ili aende Chuo Kikuu cha Louisville. Kijana alisema hakujua lolote, na hakuna mchezaji aliyeshtakiwa. Lakini Bowen hakuwahi kucheza hata mechi moja ya chuo. Zungumza na baba yako, mjomba wako na kocha wako wa mtaani kabla hujapanda ndege.

Hasa mjomba. Tangu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, mwaka 2009, kila kijana mrefu wa Dar ana mjomba anayemjua wakala. Wakala anakuja na viatu, anakuja na simu ya mama, anaacha bahasha na kuiita nauli. Kwetu hiyo ni kishika uchumba, na kishika uchumba kikishapokelewa nyumbani, binti hata asipoulizwa ameshaposwa. Mwaka 2011 Enes Kanter wa Uturuki alizuiwa moja kwa moja kukichezea Chuo Kikuu cha Kentucky kwa sababu ya dola 33,033 zilizozidi gharama halisi alipokuwa na klabu ya nyumbani. Kanuni hiyo imelegea sana sasa, wanaingia hata waliocheza ligi za kulipwa Ulaya. Lakini karatasi aliyosaini mjomba haijalegea. Wakala anayetaka asilimia ya mapato yako ya miaka kumi ijayo anasubiri, na yeye ana mwanasheria.

Sasa tuje kwenye kuruhusiwa. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na Julai 1 mwaka uleule wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao: matangazo, jezi, saini. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi nyingine ya wachezaji dhidi ya NCAA, iitwayo House, na vyuo vyenyewe vikaanza kuwalipa wachezaji, ukomo ukiwa takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mkataba wa pembeni wa kuanzia dola 600 unatakiwa kuripotiwa. Yaani mwenye duka la matairi leo angeweza kunilipa kihalali niseme matairi yake ni mazuri, na yalikuwa mazuri kweli.

Angeweza, kama ningekuwa mzaliwa wa Michigan. Wewe umeingia kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi. Hiyo inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya hapo unahitaji kibali. Kusimama mbele ya kamera ukinadi matairi kunaweza kuhesabiwa ni kazi. Kocha anaweza kukuambia NCAA haina neno, na akawa anasema kweli kabisa, huku uhamiaji wakiwa na neno. Kosa la NCAA linakunyima mechi. Kosa la viza linakunyima nchi.

Mfano ninaoupenda ni wa ndugu yetu wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani yote, anadaka rebaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, 15 kwa mechi, na sura yake inauzika. Hakujificha na bahasha. Agosti ile Kentucky walipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, kazi za matangazo alizifanyia huko, nje ya ardhi ya Marekani, watu wa sheria wakiwa wamepanga kila kitu mapema. Wapo pia wanaotofautisha kazi unayoifanya kwa mwili wako na pato linalokuja lenyewe, kama jezi yenye jina lako inapouzwa umelala. Wanasheria wa uhamiaji wenyewe hawajakubaliana kuhusu mpaka huo, kwa hiyo usikubali ukachorewa na kocha msaidizi anayetaka ubaki timu yake.

Ninachowaambia vijana ni kuandika. Kitu chochote chenye thamani, kabla hujakigusa, tuma barua pepe kwa ofisi mbili kwa pamoja: ile ya kompliansi na ile ya wanafunzi wa kigeni inayokutolea I-20, ile fomu uliyoombea viza. Nani anatoa, kitu gani, kwa nini. Usipige simu, andika. Jibu likija, litunze. Na ukiambiwa "hili tusiliandike", hapo umeshajibiwa. Kuna pia kodi, lakini hilo ofisi ya wageni watakufundisha kujaza fomu, wewe usikwepe tu.

Lile koti bado ninalo, au nilikuwa nalo. Nilipomaliza kulipa nilimuuliza yule mama kama nilirudishe. Akasema nimeshalilipia, ni langu. Likakaa sandukuni Tegeta miaka na miaka, joto letu halina kazi nalo, hadi mwaka jana nilipompa kijana mmoja wa Temeke aliyekuwa anakwenda chuo cha Iowa. Alilijaribu mbele ya kioo, jasho linamtoka, mikono imepungua kama inchi mbili. Nikamwambia asilifungashe kwanza. Akakaa pale pale sebuleni, akaandika kwa simu: koti moja, la zamani, kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye hana kiti kwenye ukumbi wenu.

Walimjibu baada ya siku mbili. Wakasema halina shida, na wakamuuliza kama ana glavu.