Kingamwili ya saratani ijaribiwe mapema kwenye seli hai

Wanafunzi wa bayolojia hapa Mombasa, hasa wale wa chuo pale Tudor, wakinijia na wazo la kutengeneza kingamwili za monokloni (kingamwili za aina moja tu, zinazoshika sehemu ileile ya shabaha), swali lao la kwanza huwa ni panya adungwe nini. Nami huwauliza: mtaichaguaje kingamwili inayofaa?

Njia ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975 ingali hai. Seli B (zinazotengeneza kingamwili) za bandama ya panya huunganishwa na seli za mieloma (za saratani, zisizoacha kugawanyika), mchanganyiko hukuzwa kwenye HAT, lishe ya seli yenye dawa, ili mieloma zisizoungana zife, na haibridoma (seli zilizoungana) zinazobaki hutoa kingamwili. Hatua hizo zinafundishika. Kazi iko kwenye uchaguzi.

Chukua HER2. Kwenye seli ya saratani ya matiti protini hii imekaa juu ya utando, imejikunja kwa umbo lake na kuvishwa sukari. Kipande chake kilichozalishwa na bakteria wa kawaida wa maabara hakina sukari hizo, na mara nyingi hata mkunjo si wenyewe. Nimeona visahani vya elisa (kipimo kinachobadilika rangi kingamwili ikishika protini) vikigeuka manjano, watu wakafurahi, kisha kwenye seli hai hakuna kingamwili iliyoshika kitu. Miezi ya kazi inapotea hivyo, na inauma.

Kwa hiyo tangu majimaji ya kwanza ya haibridoma, pima kwa saitometa, mashine inayopima mwanga wa seli mojamoja. Andaa seli zenye protini, na seli zilezile ambazo jeni ya protini hiyo imezimwa kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni. Kingamwili inayoshika za kwanza na kuziacha za pili, hiyo ifuate. Binafsi, matokeo yasiyo na seli za aina ya pili siyaamini, hata grafu ipendeze vipi.

Seli usizibandue chomboni kwa tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, kwani inaweza kukata protini ileile unayoitafuta, tumia EDTA, kemikali isiyokata protini. Zikae kwenye barafu (na joto letu la Januari, barafu iwe tayari mapema), maana seli yenye joto huweza kuimeza kingamwili. Kumezwa huko kuna faida yake baadaye: trastuzumab, kingamwili ya HER2 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilikuja kubebeshwa sumu ya kuua seli ya saratani kutoka ndani.

Ukishaipata, gandisha haibridoma siku hizohizo, kisha soma mfuatano wa jeni za kingamwili. Haibridoma huweza kuacha kuzalisha, na umeme hukatika. Ukiwa na mfuatano, utaitengeneza upya.