Makamu mpya, usiutume ujumbe huo kwenye kundi la walimu

Mkuu, usiutume. Umeuliza namna ya kufungua kikao chako cha kwanza ukiwa makamu mkuu wa shule, namna ya kuwaita walimu waliokuzidi umri, na kama ujumbe uliotubandikia hapa unafaa kurushwa Jumapili usiku kwenye kundi la WhatsApp la walimu pamoja na picha ya kitabu cha mahudhurio. Nilipofika pale unaposema kwamba hutamvumilia yeyote atakayesaini chini ya mstari mwekundu, na kwamba uko tayari kuchukiwa, tumbo lilinikata, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo niliwahi kuuandika mimi, na wangu ulikuwa na sarufi nzuri kuliko wako.

Kwa wadau wasio walimu, mstari huo hupigwa kitabuni kwa kalamu nyekundu muda wa kuripoti unapokwisha, na kwetu ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Aliye juu yake amewahi, aliye chini yake amechelewa. Mimi niliona jina la madamu wa Fizikia likiwa chini ya mstari karibu wiki nzima, nikapiga picha ya ukurasa, nikaituma kundini na kuandika kwamba shule yetu ina walimu wanaofanya kazi na walimu wanaosubiri mshahara. Sikumtaja mtu, wala sikuwa na haja ya kumtaja, maana picha ilisomeka vizuri mno.

Kisichosomeka pichani ni kwamba wiki ile madamu alikuwa mwalimu wa zamu. Alifika getini kungali na kiza, akahesabu wanafunzi, akasimamia usafi wa uwanja na vyoo, akakagua sare mstarini, kisha ndipo akaja ofisini kusaini, viatu vikiwa vimejaa vumbi. Kwa aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa mchelewaji; kwa aliyesimama getini, mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kazini watu wameshachoka. Ratiba ya zamu, tafadhali msinicheke, ilibandikwa ukutani nyuma ya kiti hicho hicho, na ilikuwa na sahihi yangu.

Hakuna aliyejibu kundini isipokuwa mhasibu, aliyeweka kidole gumba. Madamu hakulalamika. Alianza tu kufuata kitabu: alisaini juu ya mstari, akafundisha vipindi vyake vyote, na muda wa kazi ulipokwisha akachukua mkoba wake akaondoka, na haukupita muda mrefu wenzake wakamfuata. Vipindi vya jioni vya kidato cha nne, ambavyo havikuwa na posho wala havikuandikwa kwenye ratiba yoyote, vilikufa muhula ule ule, mtihani wa taifa wa Novemba ukiwa unakaribia. Utampa mtu onyo gani kwa kuacha kufanya jambo ambalo hukuwahi kumwagiza? Nilimwomba radhi mbele ya kikao, akanijibu, "Hamna shida, mkuu," kwa sauti iliyonifanya nitamani angenitukana. Vipindi vile havikurudi mpaka nikahamishwa.

Aliyenitia ujasiri huo alikuwa mwezeshaji mmoja wa semina ya uongozi, mwenye suti iliyombana na imani kubwa katika sauti yake mwenyewe, aliyetufundisha kwamba kiongozi huanza kwa ukali kisha hulegeza baadaye. Kama ushahidi alitusikilizisha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, ile ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Ni kweli ile sauti ni kali, lakini ukali wote umeelekezwa kwa mvamizi; wasikilizaji wamewekwa upande mmoja na msemaji, kwa kuwa anasema uwezo tunao, hasemi mnao. Mwezeshaji alisikia ngurumo, hakuangalia inampiga nani. Alilipwa posho, sisi tukapewa chapati na soda, nami nikarudi shuleni kuwangurumia watu wangu mwenyewe. Hata nyumbani ugonjwa ulikuwa umefika, kwa maana mke wangu aliwahi kuniuliza kama meseji zangu nazo zina kumbukumbu namba.

Kwa hiyo shika hili moja hata ukiyatupa mengine yote: jambo la kumrekebisha mtu halitumwi, husemwa, na kabla ya kusemwa huulizwa. Ukimwandikia, anayechagua sauti ya kukusoma nayo ni yeye, na mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake hakuchagulii sauti ya upole. Jumatatu fika getini kabla ya kengele, tazama nani yuko pale na anafanya nini, ndipo umwite aliye chini ya mstari na kumuuliza asubuhi yake imekwendaje, halafu unyamaze mpaka amalize. Wapo watakaokueleza habari ya mtoto mgonjwa au daladala, na wapo wavivu wa kweli, ambao utawagundua wiki ya pili wakirudia maelezo yale yale. Hao waonye kwa mdomo, na wakiendelea waandikie barua kwa utaratibu wa kazi, ila kila mmoja mkabidhi yake mkononi, mkiwa wawili tu ofisini.