Navigeta si abiria
Ndugu yangu uliyesema eti navigeta, yule anayekaa kando ya dereva kwenye mbio za magari za rali, ni abiria tu wa kushika karatasi, hapo umekosea kabisa. Kabla ya rali yeye na dereva wanaipita ile njia polepole, kawaida mara mbili, dereva anataja kona anavyoiona na mwenzake anaandika kwa penseli, halafu siku yenyewe navigeta anayasoma hayo maandishi kwenye maiki ya helmeti huku gari linarukaruka, na hasomi kona iliyo mbele ya macho, anasoma inayofuata, akichelewa sekunde moja tu mmeisha. Mimi nilisimama pembeni ya barabara ya murram kwenye rali ya Mbarara, Uganda, mvua imetoka kunyesha, lile tope jekundu linateleza kama sabuni, gari likaja upande upande na navigeta kichwa kiko chini kwenye daftari, hata hakuinua macho! Huo ndio moyo jamani. Na hatari wanagawana, 2005 Michael Park, navigeta wa Markko Märtin, alifariki kwenye rali ya Wales, gari liligonga mti upande wake yeye, dereva akatoka mzima. Sasa huyo nae utamwita abiria?