Maswali na majibu: Vitwitwi wa Sabaki na nahodha wao

Tangu vitwitwi warudi kutoka Siberia, maswali ya ndege yamezidi ya mapenzi na ya simu zilizoharibika. Leo nayajibu ya ndege.

Mwalimu, nimebishana na shemeji yangu. Mimi nasema vitwitwi wa mlango wa mto Sabaki wana mmoja anayewaongoza angani. Yeye anasema hawana. Nani mkweli? (Mvuvi, Mambrui)

Shemeji yako. Juzi nilisimama kwenye fungu la mchanga pale mlangoni nikamkazia jicho mmoja aliyekuwa mbele. Kundi likapinda kushoto, akawa wa pembeni. Likapinda tena, akawa mkiani, kisha akanipotea. Na kundi zima, lililokuwa jeusijeusi, likameta jeupe kama shuka inayokung'utwa, maana kitwitwi mgongo wake ni wa kijivu na tumbo jeupe. Nahodha gani huyo anayeachwa nyuma na jahazi lake?

Mwaka 1986 Mmarekani Craig Reynolds alitengeneza programu ya kompyuta yenye ndege wa kuchorwa. Hakuwapa kiongozi. Kila ndege alipewa mambo matatu tu: asimgonge jirani, aelekee wanakoelekea majirani, asiachwe na wenziwe. Wakaruka kama kundi la kweli. Hilo si ushahidi kwamba kitwitwi ana hayo matatu kichwani, lakini linatosha kuonyesha kwamba nahodha si lazima. Kama mliwekeana dau, lipa.

Hao majirani ni wa umbali gani? Mita mbili? Tano? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lamu)

Hapo, mwanangu, hata wanafizikia wengi walidhani jibu litakuwa kwa mita. Kisha wataalamu wa Roma wakapanda juu ya paa la jumba la makumbusho, karibu na stesheni ya treni ya Termini, wakawapiga picha kwezi kwa kamera kadhaa kwa mpigo mmoja ili wajue kila ndege yuko wapi hewani. Matokeo yalitoka 2008: kila kwezi huwafuata wenziwe sita au saba walio karibu naye zaidi, wawe wamebanana au wameachana. Hapimi masafa, anahesabu vichwa.

Faida yake utaiona kozi akishambulia. Kundi hutanuka ghafla. Kama kila mmoja angewafuata walio ndani ya mita moja tu, angejikuta hana wa kumfuata, na kozi anamtaka huyo huyo. Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo, Giorgio Parisi, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2021, ila kwa utafiti mwingine. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba alipewa kwa ajili ya kwezi.

Mbona wanageuka wote kwa pamoja? Marehemu babu alisema wanajuana nia. (Bi wa Watamu)

Babu hakuwa peke yake, bibie. Mwaka 1931 Mwingereza Edmund Selous aliandika kitabu kizima akidai ndege hupashana mawazo. Mwaka 1984 Wayne Potts akachunguza filamu za ndege walio jamaa wa karibu wa vitwitwi wetu, akakuta hawageuki pamoja. Mmoja huanza, na mgeuko hupita kundini kama wimbi. Cha ajabu ni kasi: kutoka ndege hadi ndege wimbi huchukua kama sehemu 15 za elfu za sekunde, ilhali ndege akishtushwa peke yake huhitaji kama 38.

Umewahi kutazama goma Lamu? Wanaume katika safu, kanzu na bakora, wanayumba taratibu. Wa mwisho hamngojei jirani yake. Anauona mwendo ukija tangu mbali, akijiweka tayari. Potts alieleza hivyo hivyo kuhusu ndege: wanaliona wimbi kabla halijawafikia.

Haya ni biolojia. Fizikia inaingilia wapi? (Mwalimu wa sekondari, Malindi)

Kwenye sumaku. Mwaka 1995 Tamás Vicsek wa Hungaria na wenzake waliwaza vitone vinavyokwenda kwa kasi moja, kila kimoja kikifuata wastani wa mwelekeo wa majirani, pamoja na kosa kidogo la kubahatisha. Kosa likiwa kubwa, kila kimoja kina njia yake. Lipunguze, na ikifika kiwango fulani vyote vinashika upande mmoja. Chuma nacho joto lake likizidi nyuzi 770 hivi hupoteza usumaku, na kikipoa chembe zake hujipanga tena. Tofauti ni kwamba chembe za chuma hazihami, na ndege kila mara anabadili majirani. Ndiyo maana hesabu yake ingali inawatoa watu jasho.

Na wale wanaoruka kwa umbo la V?

Hao ni mambo mengine. Wanatafuta upepo unaopanda kutoka ncha ya bawa la aliye mbele, wapunguze kazi.

Niende lini Sabaki kuwaona? (Msomaji, Malindi)

Siku za bamvua, alasiri, maji yakijaa. Tope likifunikwa hawana pa kula, hukusanyika wote kwenye mchanga uliobaki. Kaa mbali, usiwakurupushe. Mbwa mwache nyumbani. Kozi akija, kazi ya kuwarusha ataifanya yeye.