Wasomaji Wanauliza: Ninunue bunduki kabla sheria haijapita?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Marekani mwaka wa kumi na mbili sasa, mkazi wa kudumu. Nina bunduki moja ya kuwindia kulungu, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, na bastola moja. Bunge la jimbo letu linajadili muswada wa kuzuia bunduki za nusu-otomatiki, zile zinazojipakia risasi zenyewe, na magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10. Tangu habari itoke, bunduki niliyoiona dukani kwa dola 750 imefika 1,100. Wenzangu tunaopiga nao shabaha wananihimiza ninunue hata kwa kadi ya mkopo. Mdogo wangu, aliyeko hapa kwa viza ya masomo, naye anataka kunitumia fedha nimnunulie bastola kwa jina langu. Mke wangu amekasirika, maana fedha ninayoifikiria ni kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Je, hizi nilizo nazo zitachukuliwa? Ninunue? — Mwindaji

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mdogo wako, maana hapo ndipo penye moto. Usimnunulie. Nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la bunduki huko Marekani miaka kumi na moja, na fomu namba 4473, ile anayojaza mnunuzi wa silaha dukani, naiona hata nikifumba macho. Swali la kwanza la ndiyo au hapana linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo ilhali fedha ni zake na bastola ni yake, umeidanganya serikali kuu kwa maandishi. Isitoshe, mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi hata kushika silaha.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski. Alikuwa polisi wa zamani, akamnunulia mjomba wake bastola ili wafaidi punguzo la bei wanalopewa polisi. Mjomba alikuwa anaruhusiwa kabisa kumiliki silaha. Alimtumia hundi ya dola 400 mapema, na juu ya hundi akaandika aina ya bastola anayoitaka. Abramski alishindwa kesi hiyo. Haya, huyo ni raia, na aliyenunuliwa bastola hakuwa na kizuizi chochote. Wewe ni mkazi tu, na kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini, ukamwacha mkeo huko. Mpigie mdogo wako leo, umwambie hapana.

Sasa zako. Pata muswada wenyewe uusome, usitegemee maneno ya uwanja wa shabaha. Tafuta kama unakataza kuuza au unakataza kumiliki, maana hayo ni mambo mawili. Jimbo la Washington mwaka 2023 lilizuia kuuza na kuingiza bunduki nyingi za nusu-otomatiki. Waliokuwa nazo walibaki nazo. Illinois mwaka huohuo ilizuia pia, lakini waliokuwa nazo wakatakiwa kuziorodhesha kwa serikali kufikia 1 Januari 2024. Bunduki yako ya kulungu, hiyo ya kukoki kwa mkono, sheria hizi hazikuigusa.

Mimi nina wasiwasi zaidi na bastola yako. Chomoa magazini kwanza, hakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani ya bastola, kisha itazame magazini mgongoni. Nyingi zina vitundu vidogo vyenye namba pembeni. Kitundu cha mwisho kikiwa na namba 15 au 17, muswada unakuhusu, hata kama hukuwa ukiiwazia bastola. Soma kipengele cha magazini mara mbili.

Kuhusu bei, Januari 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, wateja walikuwa wanasubiri kwenye magari yao kabla hatujafungua. Rafu ya risasi za .22, ambazo watoto hufundishiwa, ilibaki na vibandiko vya bei tu. Katazo la nchi nzima lililoogopwa halikupita katika Seneti mwezi wa Aprili. Mteja wangu mmoja alikuwa amechukua bunduki nne kwa kadi. Mwaka uliofuata alizirudisha dukani moja moja, nami ndiye niliyekuwa namtajia bei. Sikuweza kumtazama machoni. Baada ya Trump kushinda uchaguzi wa 2016 hofu ilikatika ghafla, maduka yakajaa mali isiyo na wanunuzi, bei zikashuka.

Lakini sitakudanganya kwamba bei hushuka siku zote. Bunduki za rashasha zilizosajiliwa kwa raia kabla ya 19 Mei 1986, sheria ilipofunga usajili mpya, hazijaongezeka tangu siku hiyo, na leo moja huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Na Washington sheria ilianza kazi siku ileile gavana alipotia sahihi. Kwa hiyo kama bunduki hiyo uliitaka kabla ya habari hizi, na una fedha isiyo ya kodi wala ya mkopo, inunue moja, ulipie hiyo ziada ukijua unalipia nini. Wewe huna fedha hiyo. Mkeo yuko sahihi. Lipa kodi.

SWALI: Nina makasha ya risasi za .22 niliyoyahifadhi tangu uhaba wa 2013. Bado zinafaa? — Mzee wa Makasha

JIBU: Kama zilikaa pakavu, mbali na joto kali, zinafaa. Zimwage juu ya kitambaa cheupe kwenye mwanga. Yenye kutu ya kijani, iliyobonyea, au yenye kichwa kinachocheza ukikigusa, itenge uipeleke kituo cha polisi au dukani wakuteketezee. Ukivuta triga kisha kimya, elekeza mtutu kwenye shabaha usubiri nusu dakika kabla ya kufungua. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kupiga, toa risasi zote, uchungulie mtutu kutoka nyuma. Huenda kichwa cha risasi kimekwama humo ndani, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka.