Zungumza, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Mbagala, umeuliza kama ueleze PCOS yako, hali ya homoni kuvurugika na kusumbua ovari, kwenye kikao cha vikoba, maana mawifi wameshaanza maneno ya kurogwa. Eleza! Anza na ndevu za kidevuni unazonyoa alfajiri kabla ya kuwahi daladala, na hedhi inayopotea miezi mitatu. Wapo watakaojiona humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajui kama wanayo. Mambo ya chumbani kwako yaache, hayawahusu. Vidonge vyako pia usiwatajie, watakimbilia duka la dawa. Waende kwa daktari wa wanawake, wapimwe homoni na ultrasaundi. Na uwaambie wazi: wengi wetu tunazaa, wengine kwa matibabu.