Taa inawaka, moduli haijibu: maswali yenu kuhusu redio ndogo za data

Barua za mara hii karibu zote zinahusu vibodi vidogo vya redio, vya Wi-Fi, vya Bluetooth na vya masafa marefu, ambavyo mtu huviunga kwanza na kompyuta akavipanga, kisha ndio akaviweka kazini. Tukisema "kigeuzi" tunakusudia kile kibodi cha USB chenye pini za TX, RX, GND na umeme. "Dirisha la amri" ni Serial Monitor ya Arduino, PuTTY, au programu yoyote nyingine unayoandikia amri zikaenda kwenye moduli.

Assalaam alaykum. Nimenunua ESP-01, kibodi cha Wi-Fi, Darajani nikaiunga na kigeuzi cha FT232. Taa nyekundu inawaka, lakini nikiandika amri ya AT haijibu, au zinatoka herufi zisizosomeka. Muuzaji anaapa kuwa moduli ni nzima. Tumwamini? (Mwanakwerekwe, Unguja)

Wa alaykum salaam. Mwaminini kwanza. Taa nyekundu ni kama moshi wa jiko la jirani: unajua moto upo, hujui kama wali umeiva.

Anzeni na umeme. ESP-01 inataka volti 3.3, na ikipewa 5 inaungua. Wengi wanalijua hilo, kwa hiyo wanachukua umeme kwenye pini ya 3V3 ya kigeuzi, na hapo ndipo wanapokwama. Pini hiyo kwenye FT232 kikomo chake ni miliampea 50. ESP inaporusha mawimbi inanyonya kama 170, na kwa kitambo kidogo sana hupita hata 300. Basi moduli inaamka, inawasha redio, volti zinaporomoka, inazimika, inaamka tena. Taa haitakwambia, maana yenyewe inatosheka na umeme mchache. Mita ya kawaida nayo ni nzito kwa jambo la haraka namna hiyo, itakusomea 3.2 ukadhani mambo shwari.

Chukua 5V ya kigeuzi, ipitishe kwenye regulata ya AMS1117-3.3, halafu utakachopata ndio uilishe ESP. Karibu kabisa na pini za VCC na GND za moduli weka kapasita ya maikrofaradi 470 (upande wenye mstari uende GND) pamoja na ndogo ya nanofaradi 100. Kapasita hiyo kubwa ndiyo inayobeba ile minyonyo ya ghafla. Usijaribu kuilisha AMS1117 kwa betri moja ya volti 3.7: regulata hii inahitaji iingiziwe kiasi cha volti 1.1 hadi 1.3 zaidi ya inazotoa.

Nyaya zenyewe: TX ya kigeuzi iende RX ya moduli, RX iende TX, na GND zote ziungane, pamoja na ya regulata. Pini ya CH_PD (wengine huiandika EN) ipandishe kwenye 3.3 kwa rezista ya kiloohm 10. Ikiachwa hewani moduli hailali wala haiamki vizuri. GPIO0 iache peke yake, kwa sababu ikigusa GND wakati wa kuwasha moduli inasubiri kupakiwa programu mpya na haitakujibu amri yoyote. Kigeuzi chako kikiwa na jampa ya 3.3/5, iweke 3.3. Kikiwa cha 5 tu, gawanya: kiloohm 1 kutoka TX ya kigeuzi hadi RX ya moduli, na kiloohm 2 kutoka RX hiyo hiyo hadi GND.

Sasa dirisha la amri. Weka kasi 115200, na mwisho wa mstari chagua "Both NL & CR". Bila ya alama hizo mbili za mwisho, ESP inaona bado hujamaliza kuandika, inakungoja. Amri ziwe kwa herufi kubwa. Ukiwasha utaona mstari mmoja wa takataka kisha neno "ready". Takataka hizo si ugonjwa: ESP ikiamka inasema maneno ya kwanza kwa kasi ya 74880, ndio maana kwa 115200 hayasomeki. Ukiandika AT ikarudi OK, andika AT+GMR uone toleo la programu yake. Kukiwa kimya kabisa, jaribu 9600. Na kama kuna mtu aliwahi kuipakia programu ya Arduino, ile ya amri za AT imeshafutwa. Itabidi irudishwe, na hapo ndipo GPIO0 inapowekwa GND kwa makusudi.

Nikichomeka kigeuzi kompyuta haioni chochote. (Chake Chake, Pemba)

Badilisha waya wa USB kabla ya kugusa kitu kingine. Nyaya nyingi zilizokuja na taa za mezani na spika zina umeme tu, hazina zile nyaya mbili za data.

Waya ukiwa mzima, fungua Device Manager ya Windows utazame sehemu ya Ports. Kikionekana na alama ya njano, kinakosa draiva. Vigeuzi vya bei nafuu vingi ni vya CH340, na draiva yake ni faili dogo tu la kupakua. Kikiwa cha PL2303 na Windows inasema "Code 10", mara nyingi chipu ni ya kuiga au ya zamani na draiva mpya inaikataa. Rudisha draiva ya zamani au nunua cha CH340 upumzike. Kwenye Linux draiva imo tayari, tatizo huwa ni ruhusa: jiingize kwenye kundi la dialout, toka, uingie tena, kisha tafuta /dev/ttyUSB0.

ESP yangu inajibu OK kwa kila amri, lakini inaona Wi-Fi ya jirani, ya hapa hotelini haiioni. Simu yangu inaiona zote mbili. (Jambiani, Unguja)

ESP8266, yaani chipu ya ESP-01, inasikia GHz 2.4 peke yake. Ruta ya hoteli yumkini inarusha jina hilo kwenye GHz 5 tu. Ingia kwenye ruta uwashe 2.4, na uipe jina tofauti ili usichanganyikiwe.

Kisha fuata hivi: AT+CWMODE=1 ili moduli iwe mteja, AT+CWLAP ikuorodheshee mitandao, halafu AT+CWJAP="jina","neno la siri". Ikishindwa itakutajia namba: 1 muda umekwisha, 2 neno la siri si sahihi, 3 mtandao haukuonekana, 4 imeshindwa kuunganisha. Ukipata 2 na una hakika na neno lako, litazame kama lina mkato, alama ya kunukuu au mstari wa kulalia nyuma. Kila moja kati ya hizo itangulizwe na mstari wa kulalia nyuma (\), kwani ESP inazichukulia ni sehemu ya amri. Ukishaunganika, AT+CIFSR inakupa anwani ya IP.

Halafu kuna ule ukurasa wa hoteli unaomtaka mgeni aandike namba ya chumba kabla ya kupata intaneti. ESP haitaujaza. Muombeni msimamizi aiandikishe moduli kwa anwani yake ya MAC, nayo inatoka kwenye AT+CIFSR hiyo hiyo.

Mimi ni mwalimu wa skuli. Tuna moduli za Bluetooth, HC-05 mbili na HC-06 moja, za klabu ya sayansi. HC-05 hazipokei amri. (Wete, Pemba)

HC-05 ikiwashwa kawaida inakuwa kazini, haisikilizi amri. Toa umeme, bonyeza kitufe chake kidogo, rudisha umeme huku umekibonyeza, kisha achia. Taa ikianza kuwaka polepole, mara moja kila sekunde mbili hivi, iko tayari kwa amri; ikimemeteka haraka haraka, hujafanikiwa. Kasi ya hali hiyo ni 38400, na alama mbili za mwisho wa mstari zinatakiwa. Amri ya kwanza ikirudisha ERROR, irudie.

Kuziunganisha hizo mbili zenyewe kwa zenyewe: moja iulize AT+ADDR?, uandike inachojibu. Nyingine ipe AT+ROLE=1, AT+CMODE=0, kisha AT+BIND= na anwani ile, ila nukta pacha uzigeuze mikato. Neno la siri na AT+UART viwe sawa pande zote.

HC-06 ina tabia zake: kasi 9600, haitaki alama za mwisho wa mstari, inasikia amri pale tu isipokuwa imeunganika, na amri yake haina alama ya sawasawa: AT+PIN1234. Iandike yote kwanza ndipo uitume, kwani ikikaa kama sekunde moja bila herufi inahesabu umemaliza. Mwanafunzi mwenye iPhone asihangaike, haitaziunga moduli hizi. Zinataka Android au kompyuta.

Tangi letu liko juu ya kilima, nyumba iko bondeni, mita kama 700, katikati minazi na mikarafuu. Tunataka tujue maji yamebaki kiasi gani bila kupanda. Tutumie nini? (Konde, Pemba)

Wi-Fi ya ESP iacheni; majani mabichi, tena yenye mvua ya masika, yanaimeza GHz 2.4. Tumieni redio ya 433 MHz. HC-12 inatosha kwa namba moja kila dakika.

Ipangeni mezani. Pini ya SET iende GND, kasi 9600, andika AT upate OK. AT+RX inakuonyesha ilivyo: kasi, chaneli, hali na nguvu. Weka AT+FU4, ndiyo hali ya masafa marefu kuliko zote. Masharti yake: kasi ya waya inakuwa 1200, na kila ujumbe usizidi baiti 60, na kati ya ujumbe na ujumbe zipite sekunde mbili. "T:83" ni baiti nne, kwa hiyo mna nafasi tele. Ukiachia SET usisahau kuweka dirisha la amri nalo 1200.

Chaneli msichague ovyo. Ya kwanza ni 433.4 MHz na kila moja inapanda kwa 0.4, ilhali bendi ya vifaa vidogo katika kanda yetu ni 433.05 hadi 434.79. Hesabuni wenyewe: chaneli 1 hadi 4 tu ndizo zimo. Mifano mingi mtandaoni inaandika AT+C021, yaani 441.4, na hayo ni masafa ya wenyewe. Msimamizi wa masafa, Bara na Visiwani, ni TCRA. Waulizeni na kiwango cha nguvu kabla ya kufika P8, ambayo ni miliwati 100.

Mkiwa mezani wekeni AT+P1. Zikikaribiana kwa nguvu kubwa zinapigiana kelele, data inaharibika, mtu akadhani moduli ni mbovu. Unga vigeuzi viwili, fungua madirisha mawili. Unachoandika hapa kitokee kule. Halafu ndio mmoja apande kilimani.

Antena ile ya springi tupeni. Waya mmoja ulionyooka wa sentimita 17, umesimama wima pande zote mbili, unaishinda. Kwa mita 700 nafasi ya mawimbi katikati ya njia ina nusu-kipenyo cha kama mita 11, na inafaa angalau mita 6 au 7 ziwe wazi. Kwa hiyo mlingoti wa nyumbani uvuke paa, usiwe dirishani. Ukiilisha HC-12 kwa 5V, tia dayodi ya 1N4007 mbele ya VCC, ipunguze kidogo. Na mjaribu siku ya mvua. Majani makavu ya kiangazi yatawapa matumaini ya bure.

XBee mbili za S2C, nimezipanga kwa XCTU (programu yake ya kompyuta), haziongei. (Mwanafunzi, Tunguu)

Zote mbili ziwe na programu ya Zigbee, na ID (namba ya mtandao) moja. Moja iwe CE=1 (mkuu wa mtandao), nyingine CE=0 na JV=1 (ihakikishe mkuu yupo). Ya pili ukiiachia DH=0 na DL=0 (anwani ya anayetumiwa) inamtumia moja kwa moja mwenye CE=1; huyo naye mpe DH na DL ambazo ni SH na SL (anwani ya kiwandani) za mwenzake (SH inaanza 0013A200). Ukibadilisha thamani bila kubonyeza kalamu ya kuandika, hujabadilisha kitu.

Kisha soma AI (hali ya kujiunga) ya ile ya pili. 0 imejiunga. 21 haikuona mtandao wowote, basi tazama umeme na antena ya mwenzake. 22 imeona mtandao lakini ID si yako. 23 mtandao ni wako ila mlango umefungwa, tazama NJ (muda wa kupokea wanaojiunga). Na ukitumia +++ badala ya XCTU, usibonyeze Enter baada yake: kaa kimya sekunde moja kabla na sekunde moja baada.

Pini za XBee zina nafasi ya milimita 2, si 2.54. Usizilazimishe kwenye bodi ya majaribio, nunua kishikio chake.

Kifaa changu kilifanya kazi miezi mitatu, sasa pini zimeota kijani. (Nungwi, Unguja)

Chumvi. Upepo wa baharini unaileta, unyevu unaiyeyusha, umeme wa pini unakamilisha. Toa umeme, sugua kwa mswaki laini na spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke, pima kama njia za shaba bado zimeungana. Paka vanishi ya bodi pande zote, isipokuwa kwenye kichwa cha antena na pini za kuchomeka. Kisanduku kiwe na nyaya zinazoingia kwa chini, na kila waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke hapo.

Ukiziba kwa silikoni, inuse kwanza. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka na itaila shaba yako humo humo kisandukuni. Ulizia dukani ile isiyo na asidi.